Januari Tukae na Watoto Wetu
Hotuba kwa wazazi wa Walukuba, Jinja, wakati wa kufunga muhula wa tatu

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza letu la mtaa, mashehe na wachungaji mlio pamoja nasi, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni: hamjambo. Ingieni ndani, nafasi ipo, na jua la huko nje si la kusimamia.

Nimeombwa nizungumze juu ya likizo ndefu. Shule zinafungwa wiki hii, na watoto hawarudi darasani mpaka mwanzoni mwa Februari. Ni wiki kama tisa hivi. Desemba sitaigusa. Desemba ina Krismasi yake, harusi zake, mabasi ya kwenda kijijini na wageni wanaolala sebuleni, na hakuna mzazi anayehitaji kufundishwa namna ya kuisherehekea. Mimi nimekuja kusema juu ya Januari.

Januari tunaiogopa, tusifichane. Pesa zimeishia kwenye kuku na nauli. Karo inakuja. Mvua za Septemba hadi Novemba zimekatika, barabara ni vumbi tupu, na mtungi wa lita 20 unaisha maji kabla ya saa sita mchana kwa sababu nyumba imejaa. Watoto wanakula asubuhi, wanakula mchana, na saa kumi wanauliza kuna nini. Pale kwenye bomba nimewasikia kina mama wakisema, "Shule zifunguliwe jamani, tupumzike." Ninawaelewa kabisa. Hata hivyo ninawaomba leo tuutazame mwezi huo kwa jicho jingine, kwa sababu ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba Januari ndiyo mwezi ambao familia nyingi za Uganda zinapata nafasi ya kuwa familia.

Hebu tupige hesabu. Wengi wetu tumewapeleka watoto bweni. Wengine wanaanzia P.4, darasa la nne la msingi. Mtoto huyo akimaliza S.6, mwaka wa sita wa sekondari, amesoma miaka 10 akiwa bweni. Kila mwaka anakuwa nyumbani wiki chache za Mei, wiki chache za Agosti na Septemba, na hii likizo ndefu. Jumlisha zote: katika miaka 10 hiyo, muda aliolala chini ya paa lako haufiki miaka mitatu. Kisha anakwenda chuo, anapata kazi, anaoa au anaolewa, na sisi tunashangaa kwamba mtoto haongei na mzazi wake. Angejulia wapi kuongea nasi?

Mtaniambia, lakini tunakwenda siku ya kutembelea. Ndiyo, tunakwenda. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri, tunakaanga kuku, tunakunja chapati kwenye karatasi, tunanunua soda, tunapanda taksi mbili. Tunakaa chini ya mti na mtoto anakula huku akitazama saa. Tunamuuliza masomo yanaendeleaje, anasema vizuri. Tunamuuliza walimu wanasemaje, anasema vizuri. Kengele inalia. Siku hiyo ni nzuri, wala msiache kwenda. Ila mtoto wa siku ile ni mgeni wetu, na mgeni haambiwi mambo ya ndani wala hayasemi. Mambo ya ndani yanasemwa Jumanne ya kawaida, mikono ikiwa na kazi, hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

Nianze na nywele, kwa sababu mwezi wa Januari pale vibarazani mwetu nywele ndiyo kazi kubwa. Mnajua shule zetu nyingi haziruhusu msichana kufuga nywele. Mwaka mzima kichwa kimenyolewa. Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, nywele zinaachwa, na Januari ikifika zimeshakuwa za kushikika. Hapo msichana anakaa chini, katikati ya magoti ya mama, au ya senga, yaani shangazi, au ya dada mkubwa, na anasukwa ile mistari ambayo Waganda wanaiita biswahili. Saa mbili, saa tatu nzima. Anaumia kidogo, anavutwa kichwa huku na kule, na anaongea. Nimeyaona haya kwa watoto wangu na sasa kwa wajukuu. Msichana ambaye mezani hatoi neno, ukimshika kichwa anakueleza rafiki yake wa bwenini aliyekonda, mwalimu anayemtisha, mvulana anayempelekea barua, na damu yake ya mwezi ilivyoanza akiwa darasani akakosa wa kumwambia. Mambo haya si ya kusikia kutoka kwa jirani.

Kwa hiyo, mama, ukiwa na shilingi za kumpeleka saluni, ninakuomba uzitumie kwa jambo jingine. Msuke mwenyewe. Kama hujui kusuka, mwite shangazi yake aje, na wewe ukae karibu uchambue mchele. Mistari ikiwa imepinda si neno. Wiki ya mwisho ya likizo zitanyolewa zote kwa vyovyote, na watoto wengi hulia siku hiyo. Msiwacheke. Kaa naye hata wakati wa kunyoa.

Sasa jikoni. Hapa nina maneno mengi, mnivumilie.

Busoga yetu hii ni nchi ya viazi vitamu na nchi ya miwa. Nendeni barabara ya Kakira mwone miwa inavyofika mpaka upeo wa macho. Ni nchi ya mafenesi pia. Hakuna tunda linalokusanya watoto kama fenesi. Huwezi kulila peke yako, hata ukitaka. Linahitaji mtu wa kulibeba, mtu wa kutandika majani ya mgomba, mtu wa kupaka kisu mafuta ili ulimbo usishike, na kundi la kusubiri. Wadogo wanapakwa mafuta viganjani, nao wanacheka kabla hata halijapasuliwa. Baba mwenye nyumba akilipasua yeye mwenyewe, watoto watalikumbuka fenesi hilo. Kisha mbegu zinaoshwa, zinachemshwa au zinachomwa kwenye majivu ya sigiri, na usiku kuna cha kutafuna. Tunda moja, siku nzima ya nyumba.

Menya matoke nao. Wavulana pia, sikubali kusikia kwamba kisu cha matoke ni cha wasichana. Mikono itakuwa myeusi kwa utomvu, itatakata. Mfundishe mwanao kufunga matoke kwenye majani, kubana mvuke usitoroke, kujua kwa harufu kwamba yameiva. Majirani zetu Wateso, na hapa Walukuba wako wengi, kiangazi hiki ndicho wakati wao wa kukata viazi vipande vyembamba na kuvianika juani wapate amukeke, ambayo baadaye hupikwa ikaliwa na mchuzi wa karanga. Mtume mtoto kwa jirani akaone kazi hiyo, aiombe, aishike. Mtaa wetu ulijengewa wafanyakazi, enzi za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 na viwanda vya nguo vilivyofuata, na watu walitoka kila pembe ya Uganda na hata nje yake. Ndiyo maana leo ninawahutubia kwa Kiswahili na kila mtu hapa ananisikia. Mtoto wa Walukuba ana bahati ya kuonja nchi nzima bila kupanda basi, na wengi wanaimaliza likizo hawajavuka mlango wa tatu.

Kuna jambo moja kuhusu hali ya hewa yetu ambalo nilikuwa ninaliwaza. Ndugu zetu walioko London hutupigia simu mwezi wa Juni na Julai, wakati wa kiangazi chao, wakisema saa tatu usiku bado kuna mwanga na watoto wanacheza bustanini. Sisi tuko karibu sana na ikweta. Jua letu linachomoza karibu saa moja na kuzama karibu saa moja, Januari kama Julai. Hatupewi jioni ndefu ya mwanga. Mchana wa Januari unachoma, kila mtu anatafuta kivuli, na wakati mzuri wa siku unaanza pale giza linapoingia na upepo wa ziwa unapopanda. Raha zetu za kiangazi ni za gizani. Ni za kibarazani, za mkeka, za sauti.

Basi tuutumie usiku huo. Kitendawili! Naona mmejibu wote, hata mzee wetu pale mbele aliyekuwa anasinzia. Wenye Luganda watasema koyi koyi, na nyumba itaitika. Mtoto wa miaka sita anaweza kumtegea babu yake akamshinda, na kushinda huko kunamfanya alale akitabasamu. Toeni bao pia, lile wenzetu wanaloliita omweso: vishimo 32, kete 64. Ninyi mnaoniambia watoto watasahau hesabu, kaeni na mchezaji mzuri wa bao mumtazame. Anahesabu mbele, anahesabu nyuma, anajua mkono wake utaishia kishimo gani kabla hajaokota kete. Na kama hakuna bao la mbao, chimbeni vishimo chini, okoteni vijiwe. Wasichana wacheze kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, jioni uwanjani, na mama mwenye nguvu aingie naye arushiwe mpira.

Tembeeni nao. Tunakaa kando ya ziwa ambalo watu wanavuka bahari kuja kuliona, tunakaa mahali Nile inapoanzia safari yake, na kuna watoto wa hapa ambao wameliona daraja jipya kwenye simu tu. Lile daraja la nyaya lilifunguliwa Oktoba 2018. Lina urefu wa mita 525. Panda naye taksi mvuke, mkae upande wa dirisha, mrudi. Siku nyingine mshuke Masese, kule ziwani, jioni, usiku usio na mbalamwezi, wakati wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wanapotoka na taa zao. Mukene hufuata mwanga, ndiyo sababu usiku wa giza ndio wa kazi. Mweleze mtoto hivyo huku mnazitazama taa. Asubuhi yake nunueni kikombe kimoja cha mukene, mwachie yeye apatane bei na arudishe chenji. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na ninawaambia kwamba hesabu ya chenji haisahauliki.

Hilo linanifikisha kwenye masomo ya likizo. Wizara ya Elimu imekataza mara nyingi shule kufundisha wakati wa likizo, na bado kila Januari watoto wanapita hapa na mabegi mgongoni saa moja asubuhi. Wazazi mnalipa kwa sababu mnaogopa mtoto wa jirani atamtangulia wenu. Mimi ni mwalimu na ninasema wazi: mtoto aliyesoma mihula mitatu amechoka. Akili yake inahitaji kulala, kucheza na kusikia sauti yako. Akisoma hadithi kwa hiari yake, mpe taa. Akimsomea mdogo wake, kaa usikilize. Kumfungia darasani mwezi ambao ni wa nyumbani ni kumnyang'anya, na tunalipa pesa ili anyang'anywe.

Simu nayo nitaisema kwa kifupi, maana mmeshaisikia sana. Tatizo la kwanza ni simu zetu wenyewe. Usiku, kuanzia chakula mpaka kulala, ziwekwe zote kwenye kikapu kimoja, ya baba ikiwa ya kwanza.

Kuna mzee alinijia jana, aliposikia nitasema maneno haya, akaniambia, "Mwalimu, watoto walikaa nyumbani karibu miaka miwili wakati wa Korona, kwani kulitokea jema gani?" Ni swali zito na sitaki kulipita. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko sisi. Wasichana walipata mimba, wavulana waliingia kwenye mashamba ya miwa na boda boda, na wapo ambao hawakurudi tena darasani. Ile haikuwa likizo. Kazi zilikuwa zimefungwa pia, wazazi walikuwa na hofu na njaa, na mtoto hakujua mwisho wake ni lini. Likizo ina tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua, na katikati yake mtoto anajua anakokwenda. Hata hivyo mzee huyo amenikumbusha jambo: mtoto kuwepo nyumbani tu hakutoshi. Lazima kuwe na mtu mzima aliye naye. Wale walioharibikiwa walikuwa nyumbani, lakini wengi hawakuwa na mtu.

Na hapa ninawageukia kina baba. Mnanisikia? Ninawaheshimu, najua mnavyohangaika kwa ajili ya karo. Lakini mtoto wako akiulizwa shuleni baba yako anapenda nini, atajibu nini? Mpira mnautazama kwenye kibanda hadi saa tano usiku. Chukua kijana wako siku moja, mtazame pamoja, mrudi kwa miguu mkibishana juu ya bao lililokataliwa. Mfundishe kuziba pancha ya baiskeli. Mwonyeshe mahali ulipozaliwa, na kama hamkwenda kijijini Desemba, mwambie kwa maneno: mto gani, mti gani, babu alikuwa mtu wa namna gani. Mambo hayo mama hawezi kuyasema kwa niaba yako.

Mwishoni mwa Januari, kama ilivyokuwa miaka hii ya karibuni, matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hutoka. Ninawasihi wenye watoto wa P.7 muwe nyumbani siku hiyo. Usimwache mtoto asome ujumbe wa simu peke yake, wala asikie matokeo yake kwa mwenye duka. Aliyepata agrigeti 4, ambayo ndiyo bora kabisa, na aliyepata 20, wote wapikiwe chakula cha jioni kile kile, wakae mkeka ule ule. Mengine ya shule gani na karo gani yatajadiliwa kesho yake.

Kisha vitu vya shule: ile orodha ya karatasi, mifagio, karatasi za choo, sabuni, sukari. Nunueni kidogo kidogo tangu wiki ya pili, na mtoto awepo mnaponunua, aone bei zilivyo. Sanduku la bati lifunguliwe mapema, lipigwe jua, jina lipakwe rangi upya. Karanga za kusaga azikaange yeye mwenyewe, na mama amsimamie. Akizifungua bwenini usiku atajua ni mikono ya nani.

Nilikuwa nimemaliza, lakini naona mama mmoja kule nyuma amenyoosha mkono tangu muda mrefu. Sema, mama.

[Mama mmoja aliuliza: "Mwalimu, mimi ninauza samaki. Natoka nyumbani saa kumi za alfajiri, narudi usiku nimechoka, na baba yao hayupo. Huo muda wa kusuka na kutega vitendawili nitautoa wapi?"]

Mama yangu, pole na kazi, na asante kwa kuuliza mbele ya watu. Wewe huna saa tatu za kusuka, ninajua, na sitakuambia uache samaki, maana hao ndio karo. Nitakuambia ninayoyajua yanawezekana. Mkubwa wako akuletee uji pale unapouzia, asubuhi wateja wakipungua, na asiondoke mara moja. Akae nusu saa pembeni yako aone unavyoongea na watu. Wiki nyingine aje wa pili. Usiku, waambie hakuna kula mpaka umefika. Watalalamika siku mbili za kwanza. Wakuwekee maji ya kuoga, wakupakulie, na wakati unakula, kila mmoja akupe habari moja ya siku yake, hata kama unasikiliza macho yamefumba. Mdogo akilala kabla hujarudi, mbebe umlaze wewe, usimwachie dada yake. Na za kusuka, mlete binti Jumamosi kwangu. Mimi nina muda, mikono bado inafanya kazi, na atakaporudi atakueleza mwenyewe tuliyozungumza, kwa sababu nitamwambia akueleze.

Nanyi mnaokaa mstari mmoja na mama huyu mmemsikia. Mwenyekiti, tarehe 26 Januari ni sikukuu, kazi nyingi zimefungwa. Ninaomba utupe uwanja huu kuanzia saa nane mchana kwa ajili ya watoto na wazazi wao, bila spika na bila hotuba. Mimi nitaleta bao mbili na fenesi kubwa kadiri nitakavyolipata. Anayeweza alete mkeka, na mafuta ya kupaka mikono.